Betri ya Mama Sue Haidanganywi

Surjit hakuuza betri kwa mtu aliyesimama. Mteja akiingia dukani kwake Nakuru alivutiwa kiti cha plastiki, akaulizwa jioni huwa anafanya nini. Wenye haraka walikasirika wakavuka barabara kwenda duka la mbele, na baada ya miezi michache walirudi na betri zilizovimba mbavu, wakakaa kitini bila kuambiwa. Wariara hakuwa na haraka. Alikaa, akapakata kikapu chake, akafikiri.

"Nikimaliza kazi nawasha taa mbili," alisema. "Redio kidogo. Nachaji simu. Halafu kuna friji ya samaki, ile ndogo ya kufungulia juu."

"Friji ndio inakula," alisema Surjit. "Taa ni mgeni tu. Friji ni mwenye nyumba."

Gari lililohitaji betri lilikuwa limeegeshwa nje. Lilikuwa basi dogo la Kijapani ambalo Kamande, marehemu mume wa Wariara, aling'oa viti vyake vyote akatia kitanda, meko ya gesi, kabati, na paneli ya sola juu ya paa. Kamande alilikodisha kwa watalii waliopenda kulala porini mbali na taa za stima, huko Ziwa Bogoria na chini ya Mlima Longonot. Alipofariki, watalii walikata simu baada ya kusikia sauti ya mwanamke. Wariara alilia alivyolia, kisha akaamua kulipeleka gari Kamere, kwenye ufuo wa Ziwa Naivasha, auze chai na samaki wa kukaanga, alale humo humo siku za wiki, na Jumamosi arudi kwake Bahati.

Surjit alipanga betri tatu juu ya ubao. Hakuna fundi Nakuru anayeweka betri juu ya saruji tupu. Wanasema saruji inanyonya. Alipiga ya kwanza kofi la mgongo.

"Hii ni ya kuwasha gari. Inapiga ngumi moja kubwa, halafu imechoka. Usilale na hii. Hii ya pili ni lithiamu. Nyepesi, haitaki maji, unaweza kuitumia karibu yote mpaka chini. Lakini iko na kompyuta ndani. Siku imekataa, imekataa, haikuambii kwa nini. Na hii ya tatu ni ya zamani, ya asidi na maji, lakini imetengenezwa kutembea polepole. Ukiishusha chini ya nusu, itaanza kulalamika. Taa itafifia, friji itakohoa. Inalalamika mapema."

"Nataka inayolalamika mapema," alisema Wariara. Alikuwa ameishi na mume aliyenyamaza hadi siku ya hospitali, na kunyamaza kwa namna hiyo kulikuwa kumemchosha.

Surjit alimfungia betri ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda, akaweka na mita ndogo ukutani, yenye sindano na rangi tatu: kijani, manjano, nyekundu. Akamwambia mambo mawili. Asiache sindano ishuke chini ya manjano, na asiache betri ichajiwe kupita kiasi, kwa maana maji yatachemka na sahani za ndani zitabaki uchi.

Njia ya kwenda ziwani pale Kamere ilikuwa ya watu wote. Wanawake waliishika alfajiri na mitungi ya maji, wavuvi walipandia humo na samaki wao, ng'ombe walishuka kunywa, na jioni viboko nao waliifuata kwenda kula nyasi, wakimpisha kila mtu kwa adabu zaidi kuliko madereva wa malori ya maua. Upande mmoja wa njia kulikuwa na uzio wa shamba la maua. Upande wa pili kulikuwa na uzio mwingine wa shamba hilo hilo. Mwenye shamba alikuwa ametazama zile nyua mbili kwa miaka mingi, na kilichokuwa katikati kikaanza kumkera.

Asubuhi moja mafundi walisimamisha lango la chuma mahali njia inapoiacha barabara kuu. Wariara alikuwa ndani ya gari lake, lililoegeshwa kwenye njia hiyo, anakuna magamba. Afisa wa mahusiano mema wa shamba, kijana mwenye viatu safi aliyeitwa Joash, alikuja kumwambia asiwe na wasiwasi.

"Tutakufungulia utoe gari, Mama. Mara moja tu, halafu tunafunga."

"Na hawa wenye mitungi?"

"Hao watatafutiwa njia ingine."

"Wapi?"

"Inatafutwa."

Wariara alirudi kwenye samaki wake. Hakulitoa gari siku hiyo, wala ya pili, wala Jumamosi. Kesi ilipelekwa mahakamani, na mahakama, ambayo haikutaka kumuudhi mtu yeyote, ikatoa amri ya kungoja. Mpaka kesi isikilizwe, Wariara angeruhusiwa kuishi kwenye njia ile na kupokea wageni. Akikanyaga nje ya lango, hata kwa miguu, angehesabiwa amehama. Na jioni ambayo gari halingeonyesha taa, lingehesabiwa limeachwa. Kipengele cha taa kiliongezwa na wakili wa shamba, ambaye alionekana kukipenda sana.

Hivyo Kamere nzima ikawa wageni wa Wariara. Mwanamke aliyefika langoni na mtungi aliulizwa na Kimaiyo, mlinzi, anaenda wapi. Naye alijibu, akimtaja Wariara kwa jina la bintiye, "Naenda kwa Mama Sue." Kimaiyo alifungua. Baada ya hapo alikwenda moja kwa moja ziwani, akachota maji, na akirudi alisema, "Nimemwona, ako sawa." Ng'ombe nao walikuwa wageni. Saa moja jioni Kimaiyo alisimama langoni na kutazama. Wariara aliinua pazia. Taa ikionekana, Kimaiyo alipiga kelele, "Nimeona, mathe!" na kila mtu akaenda kula.

Shamba liliona kwamba amri ile ilikuwa na shimo moja tu la kupitia, nalo ni jua. Walisimamisha nguzo ndefu pande zote mbili za njia na kutandika juu yake neti nyeusi ya kukingia maua, ingawa chini ya neti hiyo hapakuwa na ua hata moja isipokuwa yale yaliyochorwa kwenye kanga ya Wariara. Gari lilikaa kivulini kutwa kucha. Paneli ya Kamande ikafa njaa. Sindano ikaacha kijani, ikaingia manjano, ikateleza hadi ukingo wa nyekundu, na friji ikaanza kukohoa, kama Surjit alivyosema.

Jioni hiyo Joash alikuja na viatu vyake. Alisimama mlangoni, akaitazama taa iliyokuwa imebaki rangi ya chai.

"Mama, tuongee ukweli. Betri imeisha. Nakuomba utoke."

"Sitoki," alisema Wariara.

Sindano ilipanda ikatoka ukingoni, ikatulia katikati ya manjano. Taa ikawa nyeupe. Joash alikunja uso.

"Uko na chaja ingine?"

"Sina."

"Basi kwa nini usitoke?"

"Kwa sababu sitaki kutoka. Hii ni njia. Njia haina mlango. Sitoki."

Sindano ikafika kijani, na friji ikaanza kunguruma vizuri. Joash aliaga akaenda. Wariara alifunga mlango, akawasha redio, akasikiliza taarifa ya habari yote mpaka michezo.

Surjit alishuka kutoka Nakuru kuipima betri, kwa sababu alipenda kujua vitu vyake vinaendeleaje huko vilikokwenda. Wariara alipomweleza ya Joash na sindano, alichomoa waya wa sola, akaegemeza mita yake kwenye sanduku, akamwambia Wariara akatae kitu. Wariara alisema hawezi kukataa hewa, lazima aombwe. Surjit akamwomba atoke, akakataliwa. Sindano haikusogea.

"Kwa sababu wewe hutaki nitoke," alisema Wariara.

"Kweli, sitaki," alisema Surjit. "Basi inachajiwa na mtu anataka kabisa, halafu unamkatalia. Lithiamu haiwezi kukubali hii, ile kompyuta ingezima. Ulichagua vizuri." Akaongeza maji ya betri kwenye vitundu, akanywa chai, akamwachia chupa nyingine mbili za maji kwa sababu kukataa, alivyoona yeye, kulikuwa na joto zaidi kuliko jua.

Ukaja wakati wa neema. Shamba lilimtuma meneja, na meneja alitaka atoke kwa moyo wake wote. Lilimtuma mtu wa vipaza sauti. Lilimtuma mchungaji mmoja aliyehubiri juu ya kuachilia, na Wariara akamsikiliza hadi mwisho kwa heshima, akaitikia sala, akasema, "Sitoki, Pastor." Akaja pia afisa aliyeuliza kama ana leseni ya kuzalisha umeme. Hakuwa nayo. Akaambiwa azime au ahame, akakataa yote mawili, na Kamere ikapata mahali pa kuchajia simu wiki nzima. Celestine, aliyekaanga samaki hatua chache kutoka kwake na ambaye ndiye rafiki aliyemzoea zaidi, alileta friji yake mwenyewe ikaunganishwa. Wanawake wengine wakaleta samaki wao. Hapo njiani, chini ya neti nyeusi, palikuwa na baridi ya kutosha kuhifadhi samaki wa ufuo mzima.

Wariara alijifunza kuisimamia betri. Asubuhi, sindano ikiwa juu, alikataa kwa kutikisa kichwa tu. Ikiwa chini alikataa kwa maneno mengi, akitaja na Kamande, na barabara, na watoto wa Kamere waliokuwa bado hawajazaliwa. Siku mwanasheria wa shamba alipomfokea ana kwa ana, alikasirika akajibu bila kipimo, na maji yakachemka sandukuni, harufu ya asidi ikajaa garini, ikabidi alale madirisha yakiwa wazi na mbu wakamla. Baada ya hapo alijizuia. Alikuwa na hasira nyingi kuliko betri moja ingeweza kubeba, na jambo hilo lilimfurahisha kuliko alivyowahi kukiri.

Kimaiyo pekee ndiye ambaye maneno yake hayakuingia. Kazi yake ilimtaka kila asubuhi amwambie Wariara ahame, naye alimwambia, akiwa ameshika kikombe alichompa Wariara mwenyewe, na sindano ililala pale pale.

Aliyegundua ni Joash, kwa sababu ndiye aliyetumwa mara nyingi, na ndiye aliyeona taa ikipata nguvu kila alipogeuka kuondoka. Alieleza mkutanoni. Hakuna aliyecheka. Mwenye shamba aliuliza swali moja, jinsi ya kuzima, na Joash akasema ni rahisi: waache kumwomba.

Wakaacha. Vipaza sauti vikaondolewa. Meneja akipita alipunga mkono. Joash alikuja na mkate, akaketi kwenye ngazi ya gari.

"Mama, kaa tu. Hatuna shida. Kaa mpaka uchoke mwenyewe."

Sindano ikaanza kushuka.

Hakuna kipindi kilichomchosha Wariara kama kile cha kukaribishwa. Mtu anayesukumwa hujua aegemee wapi. Sasa alikuwa ameachwa katikati ya njia kama gunia, na kila jioni alihesabu rangi. Alizima redio. Akamrudishia Celestine friji yake, kisha akazima na ya kwake, na samaki wakauzwa siku hiyo hiyo kwa bei ya hasara. Akabakiza taa moja, akaiwasha saa moja kamili na kuizima Kimaiyo alipomaliza kupiga kelele. Katika giza alikaa kitandani na kusikiliza viboko wakipita nje wakitafuna. Aliogopa. Hakuogopa viboko, aliogopa kwamba ataamka siku moja na kukuta kwamba hana wa kumkatalia, na kwamba kukataa ndiko kulikokuwa kunamshikilia mgongo.

Wanawake wa Kamere walikutana chini ya neti. Walikubaliana wamwombe wao. Walipanga foleni mlangoni na mitungi yao, kila mmoja akasema kwa zamu, "Mama Sue, toka," naye akajibu, "Sitoki," na sindano haikutikisika hata kidogo. Betri haidanganywi. Mmoja alijaribu kulia. Mwingine alijaribu kutukana, akatukana vizuri sana, mpaka wengine wakamshangilia, lakini sindano haikujali.

Zamu ya Celestine ilipofika, alisema, "Mama Sue, toka," kwa sauti ya chini.

"Sitoki."

Sindano ilipanda kidogo. Wote waliiona. Wote wakamgeukia Celestine.

Celestine alishika kiuno. "Na mimi si ni binadamu? Hapo ako ndio pazuri. Watu wakitoka kwa maji wanamkuta yeye kwanza. Nimetamani hapo tangu kitambo. Sasa mnataka niseme nini?"

Hawakutaka aseme kitu. Wariara alimsogezea kigoda, wakanywa chai. Kwa siku chache Celestine alikuja jioni, akamwomba atoke, akakataliwa, na taa ikawaka. Lakini tamaa iliyokwisha kusemwa mbele ya watu haidumu. Wiki haikuisha kabla Celestine hajasimama mlangoni, akaomba, akakataliwa, na sindano ikabaki ilipo. "Imeniisha," alisema, na akaonekana kama mtu aliyepoteza kitu kilichomweka joto.

Hapo ndipo Sue alipokuja.

Sue alikuwa mtoto pekee wa Wariara. Alifanya kazi katika duka la dawa Nakuru na alikuwa ameolewa na Kang'ethe, mtu wa Subukia. Tangu lango lisimamishwe alikuwa amekuja mara chache, kwa sababu kila alipokuja waligombana. Safari hii alikuja akiwa amejifungua wiki chache zilizopita, mtoto wa pili wa kike. Wa kwanza alikuwa amebeba jina la mama yake Kang'ethe, ipasavyo. Huyu wa pili alikuwa Wariara.

Kwao, bibi ambaye mtoto amepewa jina lake huenda kumwona mwenzake wa jina. Mtoto hapelekwi, hujiwa. Bibi huingia nyumbani na uji na nguo, akampokea mtoto mikononi, na wanawake wengine wakapiga vigelegele. Maji yalikuwa yamekwisha kuchemshwa kwa Sue Nakuru, shangazi walikuwa wamekuja kutoka Subukia, na mahali pa Wariara kwenye kochi palikuwa wazi.

Sue hakuingia garini. Alisimama nje na viatu vya kazini kwenye tope.

"Mum, mtoto anakungoja."

"Najua."

"Ni siku moja tu. Unashika mtoto, unakula, unalala kwa kitanda ya mtu. Wacha hawa watu na njia yao. Wewe si serikali. Please, Mum. Twende nyumbani."

Wariara aliutazama uso wa binti yake, uliokuwa umevimba kwa kukosa usingizi. Alitaka kwenda. Alitaka kwenda kuliko alivyowahi kutaka kitu tangu Kamande azikwe, na mikono yake ilikuwa tayari imekunjika kifuani kana kwamba kuna mtu ndani yake.

"Siendi," alisema.

Nyuma yake sindano ilipanda kutoka kwenye nyekundu, ikavuka manjano, ikaingia kijani na kugonga mwisho wa mita, kisha friji iliyokuwa imezimwa ikawaka yenyewe. Sue aliiona. Alikuwa amesikia habari za betri, kama kila mtu kutoka Kamere hadi Bahati, ila hakuwa amefikiri inamhusu. Aliinyoshea sindano kidole.

"Ni mimi?" aliuliza.

"Ni wewe."

"Basi sirudi tena," alisema Sue, na akaondoka akilia, na Kimaiyo akamfungulia lango bila kumuuliza alikuwa kwa nani.

Betri ilidumu. Wakati ilipoanza kushuka tena, Sue alirudi. Hakueleza kwa nini. Labda ni kwa sababu alikuwa ameona kwenye simu picha ya taa ile ikiwa rangi ya chai. Safari hii alimbeba mtoto mgongoni, kinyume cha desturi, na shangazi za Subukia walikuwa wamenuna vibaya. Alimfungua, akamweka mikononi mwa mama yake, na hapakuwa na vigelegele isipokuwa cha Celestine, kimoja, kutoka kwenye karai la mafuta. Wariara mkubwa alimtazama Wariara mdogo. Walifanana masikio.

"Twende nyumbani, Mum," alisema Sue.

"Siendi."

Ikawa ndivyo walivyoishi. Kila Jumamosi, dukani kukishafungwa, Sue alikuja na mtoto, akapita langoni, akasema "Naenda kwa mama," na Kimaiyo akamwambia kwamba yeye ndiye mgeni pekee anayesema ukweli. Alimwomba mama yake atoke kwa ajili ya kitanda, na daktari wa miguu, na kanisa lake, na kaburi la Kamande lililoota majani. Kila ombi lilitoka moyoni na kila jibu lilimchoma. Mapenzi yaleyale yaliyotaka kumtoa pale ndiyo yaliyombakiza. Sue alilijua hilo, akalichukia, akaja. Alijifunza kupima. Wiki ya mvua, friji ikiwa tupu, aliomba kidogo. Wiki ya samaki wengi aliomba kwa kirefu, na kurudi kwake Nakuru macho yakiwa mekundu.

Kesi ilitajwa ikaahirishwa. Hakimu alihamishwa. Faili lilipotea, likapatikana, kesi ikaahirishwa upya. Shamba lilituma maua kwenye siku ya kuzaliwa ya Wariara, na yeye akawapa ng'ombe, na ng'ombe hawakuyataka.

Mtoto akajifunza kuketi kwenye ngazi ya gari, kisha kusimama kwa kushika mlango, kisha kutembea njiani akifuata mitungi. Sue, akimngoja, alianza kukaa na wanawake. Alijua nani ana mimba, nani anachota mitungi miwili kwa ajili ya jirani mgonjwa. Siku Joash alipopita akamwambia kwa upole kwamba mama yake anateseka bure, Sue alisimama akamwambia, "Joash, chukua viatu zako uende." Wanawake wakacheka hadi ziwani.

Jumamosi iliyofuata Sue alikuja jioni, akachelewa kwa sababu ya foleni ya malori. Sindano ilikuwa kwenye ukingo wa nyekundu. Saa moja ilikuwa karibu. Langoni, karibu na Kimaiyo, alisimama yule wakili aliyependa kipengele cha taa, na lori la kuvutia magari lilikuwa nyuma yake likinguruma, maana mtu alikuwa amewaambia kwamba taa ya Ijumaa ilionekana kwa shida.

"Mum, twende nyumbani," alisema Sue.

"Siendi."

Sindano haikusogea.

Sue alisema tena. Akataja kitanda, akataja kaburi, akataja miguu. Wariara akakataa tena. Sindano ililala. Walitazamana, na Wariara akaelewa kwanza.

"Hutaki tena niende," alisema.

Sue alijaribu kubisha, akashindwa. "Sitaki," alisema. "Najaribu kutaka, Mum, imekataa. Ukitoka hapa mimi mwenyewe nitakukasirikia."

Wariara alifurahi. Alikuwa amengoja maneno hayo tangu siku ya tope. Alimshika binti yake mkono, wakaketi kitandani bega kwa bega, na taa juu yao ikafifia hadi waya wake wa ndani ukaonekana. Nje Celestine aliacha kukaanga. Wanawake wa maji ya jioni walisimama na mitungi yao vichwani. Lori likasogea hadi mdomo wa lango.

Wariara mdogo alikuwa sakafuni akicheza na vifuniko vya chupa. Usingizi ulikuwa umemshika. Hakupenda giza lililokuwa linaingia garini, hakupenda lori, na hakuelewa kwa nini kila Jumamosi mtu mmoja hubaki nyuma. Aliinuka, akamshika bibi yake kidole, akamvuta kuelekea mlangoni kwa nguvu zake zote.

"Cucu," alisema. "Twende."

Wariara alimtazama. Sue aligeuza uso dirishani.

"Twende, Cucu. Twende kwetu."

Kukataa wakubwa ni kazi, na Wariara alikuwa ameizoea. Hili halikuwa kazi. Alipiga magoti ili awe sawa naye, akayashika yale masikio yanayofanana na yake, na moyo ukamuuma hadi akaona aibu mbele ya betri.

"Siendi, Mami," alisema. "Cucu haendi."

Mtoto alilia kwa sauti. Sindano ilipita kijani ikagonga mwisho, ikakaa hapo. Taa iliwaka hadi vivuli vya nguzo vikalala juu ya maji, friji ikawaka, redio iliyozimwa tangu enzi za mkate wa Joash ikaanza kusoma habari katikati ya sentensi, na neti nyeusi juu ya gari ikaonekana yote, kila uzi. Kimaiyo alitia mkono juu ya macho yake.

"Nimeona, mathe!"

Wakili aliandika kwamba ameona. Lori lilirudi kinyumenyume hadi barabarani. Wariara alichungulia chini ya kitanda kuona kama maji yanachemka, akaongeza kidogo kutoka kwenye chupa ya Surjit, akafuta mikono. Kisha alimbeba mjukuu wake hadi langoni, akasimama upande wa ndani na kumkabidhi kwa mama yake aliyekuwa upande wa nje. Mtoto alikuwa bado analia na hakutaka kumtazama.

"Jumamosi?" aliuliza Sue.

"Jumamosi," alisema Wariara. "Umlete yeye."

Kimaiyo alifunga lango. Wariara alirudi garini, akakaa peke yake katika mwanga ule mwingi, na hakuzima hata taa moja. Asubuhi mwanamke wa kwanza alifika na mtungi wake akaulizwa anaenda wapi, akasema, "Naenda kwa Mama Sue."